Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wanafunzi wa Sheria Wapewe Darasa

Ipo kasumba moja ambayo bado inawatawala baadhi ya wakubwa wa elimu ya juu nchini, nayo ni ile ya kupima ujuzi wa mtu kwa idadi ya vyeti alivyotundika ukutani. Kwa mujibu wa kasumba hiyo, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho hawezi kumfundisha neno lolote mtu ambaye tayari ana shahada, hasa ikiwa mtu huyo ametoka nchi ya nje na amekuja kutafuta shahada ya uzamili. Mwanafunzi huambiwa akae kimya, asubiri mpaka naye apate joho. Kijana anayeujua mwenendo wa mahakama za nchi yake hunyamaza, na mgeni anayeuhitaji ujuzi huo huachwa ahangaike peke yake na kamusi mkononi.

Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita, na mahali panapofaa kuanzia ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa miaka mingi nusu ndani nusu nje, ukapewa nguvu mpya mwaka 2016, na mwaka 2018 ukawekewa sheria. Leo Bunge linatunga sheria Dodoma. Wizara zimo katika Mji wa Serikali Mtumba. Na mwezi Aprili 2025 jengo la makao makuu ya Mahakama ya Tanzania lilizinduliwa katika mji huo huo. Juu ya vilima vya Chimwaga kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho sheria ni miongoni mwa masomo yake. Maana yake ni kwamba sheria inatungwa, inatekelezwa, inatafsiriwa na inafundishwa mahali pamoja. Mwanasheria kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kuziona kazi hizo zote nne kwa macho yake anaweza kuziona kwa nauli ya daladala.

WAGENI SI WAGENI

Kupokea wanasheria kutoka nchi jirani si jambo jipya kwa Tanzania. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, chenye wanafunzi 14 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wa Kenya na Uganda waliotaka shahada ya sheria katika Afrika Mashariki walikuja Dar es Salaam. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, alipata shahada yake ya kwanza ya sheria hapo. Tangu mwaka 2008 chuo hicho, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani, kimekuwa na kituo maalum cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, ambacho kimewakusanya wahitimu wa nchi za Jumuiya kusoma shahada za juu.

Jumuiya yenyewe imepanuka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022, na Somalia ikaingia rasmi mwaka 2024. Mwanasheria wa Bukavu au wa Bujumbura amelelewa katika sheria zenye asili ya Ubelgiji, zilizoandikwa kwa Kifaransa. Mwanasheria wa Msumbiji amelelewa katika sheria zenye asili ya Ureno. Watu hawa si wajinga. Wengi wao wamekwisha kuwa mawakili, mahakimu au maofisa wa serikali kwao. Wanachokosa ni njia: namna Mtanzania anavyoisoma hukumu, anavyoitafuta sheria, na anavyosimama mbele ya hakimu.

Basi swali ni hili: mhadhiri akishamaliza mhadhara wake na kufunga vitabu vyake, nani atakaa na mgeni huyo kumwonyesha njia?

WENZETU HAWAONI HAYA

Katika vyuo vya sheria vya Marekani jibu lilipatikana zamani. Huko, mwanasheria wa kigeni anayekwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hukutana mara nyingi na msaidizi wa kufundisha ambaye ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili au wa tatu. Msaidizi huyo bado hana shahada ya sheria. Lakini yeye ndiye anayemwelekeza mgeni namna ya kuifupisha hukumu ndefu katika ukurasa mmoja, namna ya kutaja kesi katika andiko, na namna ya kujibu pale mwalimu anapomnyooshea kidole darasani bila taarifa. Hakimu wa Tanzania aliyekwisha kufunga na kufungua watu magerezani huketi kwa adabu akamsikiliza kijana ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani kwa kazi. Hakuna anayelalamika kwamba heshima imevunjwa.

Sababu ni nyepesi. Kijana yule hamfundishi hakimu sheria kwa ujumla wake; anamfundisha desturi za sheria za pale. Katika jambo hilo mwenyeji ni mkubwa na mgeni ni mdogo, hata kama mgeni ana mvi. Mkulima wa Kongwa anaweza kumfundisha bingwa wa kilimo kutoka Ulaya siku ambayo mvua ya kwanza si ya kuaminiwa, na bingwa mwenye akili atamsikiliza. Ajabu ni kwamba Watanzania wanaolipokea jambo hili kwa moyo mweupe wakiwa ughaibuni ndio wanaolikataa wakirudi nyumbani.

KESI MOJA YA DODOMA

Ili ubishi usiwe wa maneno matupu, na uchukuliwe mfano wa kesi moja iliyoamuliwa Dodoma penyewe. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma, chini ya Jaji James Mwalusanya, ilitoa hukumu katika shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake, waliotiwa hatiani kwa mauaji. Jaji aliamua kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipokuwa inaifuta adhabu ya kifo nchini mwake, ilizitazama pia hukumu hizo za Tanzania.

Mgeni aliyelelewa katika sheria za Kibelgiji akipewa hukumu hizo mbili azisome peke yake atafanya nini? Amezoea kuanza na kifungu cha sheria iliyotungwa, na hukumu za mahakama kwake ni ufafanuzi wa kifungu. Atasoma kwamba Mahakama ya Rufani imetengua, ataandika katika daftari lake kwamba Jaji Mwalusanya alishindwa, kisha atalifunga. Hapo atakuwa amepotea njia.

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyefundwa vizuri atamzuia. Atamwonyesha kwamba Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Jaji katika nusu ya hoja: kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamtweza binadamu, jambo linalokatazwa na Ibara ya 13 ya Katiba. Ilichokataa ni nusu ya pili. Ilisema kwamba Ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka ya haki kwa manufaa ya umma, na kwamba sheria ya adhabu hiyo inaokolewa na ibara hiyo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuujadili upya uamuzi ule hana haja ya kuanza na ukatili wa kitanzi. Hilo lilikwisha kukubaliwa. Ataanza na swali la manufaa ya umma. Aidha, mwanafunzi atamweleza mgeni kwamba uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, na kwamba hakimu wa Mpwapwa hawezi kuupita kwa kuwa tu haupendi.

Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji saa mbili, hukumu mbili na meza moja. Hayahitaji profesa. Yanahitaji kijana aliyezisoma hukumu kwa makini, na mwalimu aliye nyuma yake wa kumsahihisha akiteleza.

LUGHA ILIYOPO MEZANI

Hapa ndipo inapokuja hoja kubwa kuliko zote. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, huku ikiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Mwaka huo huo, tarehe 1 Februari, katika Siku ya Sheria iliyofanyika Dodoma wakati Mahakama Kuu ikitimiza miaka 100, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Katika Mahakama za Mwanzo, kuanzia Bahi mpaka Kondoa na Manyoni, Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kesi miaka mingi kabla ya hapo.

Lakini vyuo vikuu vinaendelea kuifundisha sheria kwa Kiingereza. Fikiria basi hali ya mwanasheria wa Kivu. Kifaransa anakijua kwa shule, Kiswahili anakijua kwa kuzaliwa, Kiingereza anakipapasa. Anavuka mpaka na kuja katika nchi ya Kiswahili ambayo sheria yake imetamka kwamba mahakama zake ni za Kiswahili, halafu anafundishwa sheria hiyo kwa lugha pekee kati ya tatu ambayo haijui sawasawa. Mwanafunzi wa Dodoma aliyeketi kando yake naye anaitumia lugha hiyo kwa kukamia. Watu wawili wenye lugha moja wanaelezana sheria ya nchi moja kwa lugha ambayo si ya yeyote kati yao. Kama hilo si kioja, neno kioja halina maana.

Msaidizi wa kufundisha ndiye daraja la kuvukia kioja hicho. Mhadhara unaweza kubaki katika Kiingereza kwa muda, kwa kuwa vitabu vingi bado ni vya Kiingereza. Lakini katika semina ndogo hakuna kinachozuia hukumu ya Kiingereza ifafanuliwe kwa Kiswahili, na mgeni afundishwe tofauti ya mdai na mlalamikaji, ya rufani na mapitio, ya dhamana ya mshtakiwa na dhamana ya mkopo. Siku akipelekwa Chamwino kusikiliza mgogoro wa ardhi unaohusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hatahitaji mkalimani.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Hoja hiyo ni kuukuu. Mwaka 1968 A. B. Weston, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, pamoja na Sheikh Mohamed Ali, walitoa kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mtu anayesema leo kwamba maneno hayapo ana deni la kusoma la zaidi ya miaka 50.

MDOGO KUMFUNDISHA MKUBWA

Walimu wanaosoma makala haya wanajua kwamba nchi hii imewahi kuvunja mwiko wa mdogo kumfundisha mkubwa, na ikafaidika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa shule za msingi, wanafunzi na watu wa kujitolea walikaa na wazee chini ya miti wakiwafundisha kusoma. Mwaka 1975 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki kiasi cha asilimia 10. Mzee aliyefundishwa herufi na kijana wa rika la mjukuu wake hakupungukiwa na uzee wake.

Lakini historia hiyo hiyo ina onyo ndani yake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoazimia kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini. Madarasa yalifunguka kwa haraka kubwa. Pale vijana hao walipopata wakufunzi wa kuwatembelea na kuwasahihisha, walikuja kuwa walimu hodari. Pale walipoachwa peke yao, watoto ndio waliolipa gharama. Fundisho ni kwamba kijana anaweza kufundisha, lakini asiachwe yatima.

MWENYEJI NAYE MGONJWA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa leo anahitaji kupona. Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo: kati ya watahiniwa 633 waliofaulu walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dkt. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza. Katika mjadala uliozuka, wengine waliilaumu Taasisi, wengine wakavilaumu vyuo vikuu, na udhaifu wa lugha ukatajwa tena na tena.

Lawama haikosi pa kwenda. Jambo moja, hata hivyo, halina ubishi: mtu anayekariri sheria ili kujibu mtihani huisahau mtihani ukiisha, na mtu anayelazimika kumweleza mwenziwe haisahau. Mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji hajawahi kujiuliza. Kwa nini hukumu ya zamani imfunge hakimu wa leo? Kwa nini wakili, na si hakimu, ndiye anayewahoji mashahidi kwa urefu? Mwanafunzi aliyekwisha kuyajibu maswali hayo kwa lugha yake mwenyewe, mbele ya mtu mzima asiyekubali majibu ya kubabaisha, ataingia katika mtihani wa uanasheria akiwa na silaha tofauti na ya kukariri.

ISIWE MLANGO WA UNYONYAJI

Pamoja na hayo yote, lipo kundi lingine la maadui wa mpango huu, nao ni hatari zaidi kwa kuwa wataushangilia. Hao ni mabwana mipango wa vyuo ambao, wakisikia neno msaidizi, huona mara moja mtu wa kufanya kazi bila malipo. Watawapakia vijana semina zote, watawapa mitihani ya kusahihisha, kisha watawaambia kwamba wamepewa heshima. Heshima hailipi kodi ya chumba Ng'ong'ona wala haishibishi.

Dunia imekwisha kuliona tatizo hilo. Mwaka 2016 bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi ya Marekani, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, iliamua kwamba wanafunzi wanaofanya kazi ya usaidizi wa kufundisha katika vyuo binafsi ni wafanyakazi mbele ya sheria ya kazi. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi, waligoma kwa wiki kadhaa wakidai malipo yanayotosha kuishi. Tanzania haina haja ya kungoja mgomo ili ijifunze. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Itakuwa aibu kubwa iwapo mahali pa kwanza pa kuzikanyaga sheria hizo patakuwa ni darasa la sheria.

YANAYOTAKIWA

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji tume wala safari za nje. Kwanza, vyuo vinavyofundisha sheria, Dodoma ikitangulia, vifungue nafasi za wasaidizi wa kufundisha kwa wanafunzi bora wa mwaka wa mwisho, kwa kazi ya kuwaongoza wanafunzi wa kigeni wa shahada za juu. Pili, nafasi hizo ziwe na mkataba, saa zinazojulikana na malipo, na zisipunguze mkopo wa mwanafunzi hata senti moja. Tatu, msaidizi asitoe alama wala asisahihishe mtihani. Hukumu juu ya mwanafunzi ibaki kwa mhadhiri. Nne, kila wiki mhadhiri akae na wasaidizi wake, asikilize walichokifundisha, awasahihishe. Tano, Kiswahili kiwe lugha halali ya semina hizo, na istilahi zinazozaliwa humo ziandikwe na kupelekwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ili kazi iliyoanzwa mwaka 1968 isiendelee kulala makabatini.

Watumishi wa serikali wanaohusika na elimu na sheria wasilitazame jambo hili kama la chuo peke yake. Majalada ya nchi jirani yataandikwa kesho na watu wanaosoma leo. Hakimu wa Goma, mwanasheria wa serikali wa Gitega na mshauri wa sheria wa Maputo, wakiwa wameelekezwa njia na kijana wa Dodoma kwa lugha wanayoielewa, watajua namna ya kuisoma hukumu ya Tanzania siku itakapofika mezani kwao, na watajua nani wa kumuuliza wasipoelewa. Mikutano mingi ya wakuu na mabalozi imetafuta maelewano ya namna hiyo kwa gharama kubwa.

Kasumba ya vyeti itapinga, kwa sababu haijui kufanya jambo lingine. Itauliza kijana huyu ana shahada gani. Na ijibiwe kwamba ataipata, na kwamba siku akiipata itakuwa na uzito, kwa kuwa kabla ya kuivalia joho alikwisha kuitumia kumsaidia mtu.